Mpunga njano, mabua hayaozi, tope linanuka: cheki haya kabla ya kuongeza yurea

Ukivuna tani 5 za mpunga kwenye hekta, unabaki na mabua karibu tani 5 pia, na hayo mabua ndo yataamua mbolea ya msimu unaofuata ifanye kazi vipi. Wengi wakishayalima chini wanaona kazi imeisha, afu miche ikigeuka njano wanakimbilia yurea, na yurea kuna siku inasaidia, kuna siku inaongeza tatizo, na kuna siku inaishia hewani tu. Nimepanga kwa dalili unazoziona shambani, chagua yako, ila sehemu hii ya mwanzo usiiruke maana dalili karibu zote zinarudi hapa.

Mabua yanaozeshwa na vijidudu, na vijidudu wanataka naitrojeni ya kujengea miili yao. Mabua makavu ya mpunga yana kaboni kama asilimia 40 lakini naitrojeni ni asilimia 0.5 mpaka 0.8 tu, yaani kwa kila sehemu moja ya naitrojeni kuna kaboni sehemu 50 mpaka 80. Chakula kinachowatosha wenyewe bila kugusa cha mtu ni kwenye kaboni sehemu 25 hivi kwa naitrojeni moja. Kinachopungua wanakikopa kwenye udongo, na mbolea uliyotoka kuimwaga ndo ya kwanza kukopwa. Deni linalipwa, wakifa naitrojeni inarudi kwenye udongo, ila linalipwa kwa ratiba yao na sio ya mpunga wako.

Ukitaka kuona ukubwa wa deni piga hesabu ya tani moja ya mabua. Kaboni kilo 400, naitrojeni tuseme kilo 6. Vijidudu wakiingiza mwilini theluthi ya ile kaboni ni kama kilo 130, na miili yao inataka naitrojeni moja kwa kaboni kumi, kwa hiyo wanahitaji kilo 13, wana 6, wamepungukiwa 7. Kilo 7 za naitrojeni ni kama kilo 15 za yurea, kwa kila tani. Hiyo ni hesabu ya udongo wenye hewa. Chini ya maji deni ni dogo zaidi, kwa sababu vijidudu wasiotumia oksijeni wanapata nguvu kidogo kwenye kila kilo ya kaboni, miili yao haikui sana, hawakopi sana, na kwa sababu hiyohiyo uozaji wenyewe unaenda taratibu. Na sio lazima yote itoke kwenye mfuko wa mbolea, udongo wenyewe unachangia. Lakini ukiiangalia hiyo namba utaelewa kwa nini mbolea ya kupandia inaweza kupotea machoni kabisa bila kuibiwa na mtu.

Chimba kwanza

Kabla hujaamua chochote ingia kwenye jaruba, ng'oa shina moja pamoja na tope lake, shuka kama sentimita 10, suuza taratibu. Angalia mizizi. Mizizi myeupe, au yenye koti la rangi ya kutu, iko sawa, ile kutu ni chuma kilichokutana na oksijeni inayovujishwa na mzizi wenyewe, ni dalili kwamba mzizi unapumua. Mizizi myeusi ni salfaidi ya chuma, tope limekosa hewa kupita kiasi. Ukiiacha juani kwa muda ule weusi unaanza kufifia na kwenda kahawia, hapo unajua sio uchafu tu wa tope.

Afu chukua bua moja ulilolikuta humo, shika ncha mbili uvute. Lililooza linaachia bila ubishi na ganda lake la juu linachubuka kwenye vidole. Likiwa bado gumu kama kamba, ujue uozaji haujaanza vizuri na deni la naitrojeni bado liko mbele yako, halijapita. Hiki kipimo hakigharimu kitu na kinakwambia mengi kuliko kuangalia majani ukiwa umesimama kwenye tuta.

Dalili: miche njano wiki mbili tatu baada ya kupandikiza, na mbolea uliweka

Hii ndo inayowasumbua watu wengi na ndo yenye sababu nyingi zinazofanana, kwa hiyo tuende polepole.

Ikiwa majani yaliyoanza kuwa njano ni ya chini, ya zamani, na mizizi ni mizima, na mabua bado hayajaoza, hiyo ni njaa ya naitrojeni kweli na sababu ni ule mkopo. Umelima mabua siku chache kabla ya kupandikiza, mbolea ukaichanganya humohumo, vijidudu wakala kwanza. Hapa yurea inasaidia, ila kwa kiasi: kilo 20 mpaka 30 za naitrojeni kwa hekta, yaani yurea kilo 45 mpaka 65, na uitoe kwenye mgao wa msimu, usiiongeze juu yake. Anayeongeza juu atakutana na dalili ya mpunga kulala huko mbele. Punguza maji mpaka yabaki membamba au tope liwe wazi, mwaga, afu rudisha maji. Ukimwaga kwenye maji mengi, mwani ukiwa umeshamiri mchana wa jua kali, maji yanapanda alkali na naitrojeni inaondoka kama gesi ya amonia. Na ukimwaga juu ya mabua yanayoelea ni vibaya zaidi, juu ya mabua kuna kimeng'enya kingi kinachovunja yurea, inavunjika hapohapo juu kabla haijashuka kwenye tope.

Wenye yurea ya vidonge vikubwa vya kuchomeka sentimita 7 mpaka 10 chini kati ya mashina wana nafuu hapa, maana mbolea ikiwa imekaa sehemu moja vijidudu waliosambaa tope zima hawaifikii kirahisi.

Ikiwa njano imeanza majani machanga ya juu, usiilaumu naitrojeni, fikiria salfa. Naitrojeni inahama kutoka jani la zamani kwenda jipya, salfa haihami hivyo, kwa hiyo jipya ndo linaumia. Hapo SA (mbolea ya salfeti ya amonia) ni bora kuliko yurea kwa sababu ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, ila soma kwanza habari ya mayai viza hapo chini.

Ikiwa majani yana madoa ya kahawia kama vumbi la kutu, mishipa ya kati inapauka kwenye shina la jani, miche imedumaa kwa mafungu mafungu, na udongo wako ni wa alkali au jaruba halijawahi kukauka, hiyo inaelekea ni upungufu wa zinki. Mabua mengi mabichi chini ya maji yanazidisha upungufu wa zinki, na ukiongeza fosforasi nyingi juu yake unaharibu zaidi. Salfeti ya zinki ndo dawa, yurea hapo haifanyi kitu.

Na ikiwa mizizi ni mifupi, michache, ya kahawia iliyokufa ncha, na jaruba lilijazwa maji siku chache tu baada ya kulima mabua, tatizo ni asidi. Mabua yakioza bila hewa yanatoa asidi ya siki na ndugu zake, kilele chake ni wiki mbili tatu za mwanzo baada ya kujaza maji, na kwenye baridi zinakaa muda mrefu zaidi kwa sababu wanaozila asidi hizo wanapoa kabla ya wanaozitoa. Mbegu iliyomwagwa moja kwa moja inaumia kuliko mche uliopandikizwa. Mzizi uliokufa ncha hauwezi kunyonya, hata uweke mbolea magunia. Toa maji, acha tope lipate hewa siku kadhaa, subiri mizizi mipya myeupe itokeze, ndo uweke mbolea. Mtu anayebadilisha huo mpangilio, mbolea kwanza halafu hewa, analisha mwani.

Dalili: harufu ya mayai viza, mapovu ukikanyaga, mizizi myeusi

Mapovu peke yake yasikutishe, mengi ni methani na hiyo inatoka kwenye kila jaruba lenye mabua na maji. Harufu ndo ya kuangalia.

Udongo ukifunikwa na maji vijidudu wanamaliza oksijeni haraka, baada yake wanatumia naitreti, kisha manganizi, kisha chuma, kisha salfeti, na mwisho kabisa ndo methani. Mabua mapya ni mafuta ya huo moto, yakiwa mengi ngazi zinashukwa mbio. Ukifika kwenye salfeti inatoka salfaidi ya haidrojeni, ndo ile harufu, na ni sumu kwa mizizi. Kwenye udongo wenye chuma cha kutosha chuma kinaikamata na kuifanya ile rangi nyeusi, kwa hiyo tope jeusi lenyewe ni afadhali kidogo. Hatari ni udongo wa kichanga usio na chuma, hapo gesi inabaki huru, mpunga unaanza vizuri afu unachoka unapokaribia kutoa masuke.

Mbolea inaingia wapi? Kwenye SA. Kila kilo ya SA inaleta salfeti, na kwenye tope la kichanga lililojaa mabua mabichi unawapa wale vijidudu malighafi. Kwenye udongo kama huo kaa na yurea, au SA itumike pale tu mabua yameshaoza. Kwenye udongo wenye chuma SA haina shida hiyo, na hata inapunguza methani, kwa sababu vijidudu wanaotumia salfeti wanawanyang'anya watengeneza methani chakula. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema SA ni mbaya na mwingine anasema SA ni nzuri wote wanaweza kuwa wanasema kweli, wanalima udongo tofauti.

Tiba ni maji. Toa, acha siku 5 mpaka 7 mpaka nyufa ndogondogo zianze kuonekana, usisubiri mpaka mguu uzame kwenye ufa. Halafu hapa kuna mtego ambao watu hawauoni: ukiwa umetoka kuweka yurea juzi afu ukakausha, ile amonia kwenye tope inapata hewa na kugeuka naitreti, ukirudisha maji naitreti inageuzwa gesi na kupotea. Kausha kwanza, mbolea baadaye, maji mara moja juu yake.

Kwa sababu hiyohiyo CAN (mbolea ya kalsiamu amonia naitreti) haifai kwenye jaruba lililofunikwa na maji, nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, na mabua yanayooza ndo yanayowapa vijidudu nguvu ya kuigeuza gesi. Inaweza kuonekana imesaidia siku mbili tatu, tope linapunguza kunuka kidogo, ila ni njia ghali ya kuingiza hewa.

Dalili: utando unaong'aa kama mafuta juu ya maji, majani ya chini rangi ya shaba

Gusa utando na kijiti. Mafuta yanajifunga tena, utando wa chuma unavunjika vipande vipande kama kioo chembamba. Ukivunjika, ni chuma kilichoyeyuka chini kikapanda juu kukutana na hewa. Majani yakianza madoa madogo ya kahawia kutoka ncha ya jani la chini na kugeuka shaba au zambarau, chuma kimezidi kwenye mmea. Mabua mengi mabichi yanaharakisha kuyeyuka kwa chuma kwenye udongo wenye tindikali. Cha mbolea hapa ni potasiamu: mmea wenye njaa ya potasiamu hauwezi kulinda mizizi yake, na mashamba ambayo mabua yanachukuliwa kila msimu ndo yanayokauka potasiamu, maana asilimia 80 mpaka 85 ya potasiamu iliyonyonywa na mpunga inabaki kwenye mabua, sio kwenye punje. Potasiamu haihitaji hata mabua yaoze, maji tu yanaitoa. Kwa hiyo anayerudisha mabua shambani anarudisha potasiamu ndani ya wiki chache, wakati kwenye naitrojeni vijidudu na udongo bado wako kwenye kudaiana.

Dalili: mabua hayaozi kabisa, yanaelea, yanajikusanya kona moja

Swali linaloulizwa sana ni kama ukimwaga yurea juu ya mabua makavu baada ya kuvuna yataoza haraka. Yakiwa makavu hayaozi, mwaga unachotaka. Kinachozuia uozaji mara nyingi kinaenda kwa mpangilio huu: unyevu hamna, mabua hayajagusana na udongo, muda hautoshi, baridi, na naitrojeni inakuja mwishoni huko.

Njia inayofanya kazi bila mbwembwe ni kulima juujuu, sentimita 5 mpaka 10, ndani ya wiki mbili tatu baada ya kuvuna, udongo ukiwa na unyevu lakini hauna maji juu. Mabua yakikatwakatwa ni bora. Kwenye hali hiyo karibu nusu ya kaboni inaondoka kwa siku 30 mpaka 40, na ule mkopo wa naitrojeni unapita wakati hakuna mpunga shambani wa kuumia. Asidi hazitengenezwi, methani inapungua sana msimu ukianza. Kama kuna kitu kimoja tu mtu anaweza kufanya basi ni hiki, na mbolea haihusiki.

Naitrojeni ukiiongeza hapo inasukuma hatua ya mwanzo, ile ya sukari na selulosi laini. Sehemu ngumu ya bua, lignini, haisukumwi na yurea, na kuna mazingira naitrojeni nyingi inapunguza hata kasi yake. Halafu kwenye udongo wenye hewa yurea inageuka naitreti ndani ya wiki chache, ukija kujaza maji sehemu ambayo vijidudu hawajaikamata inapotea karibu yote. Ndo maana kama lazima uweke basi iwe kidogo sana, kilo 10 mpaka 15 za naitrojeni kwa hekta, kwenye mabua yaliyokwisha changanyika na udongo, na mimi binafsi ningependelea samadi ya kuku iliyopoa kuliko yurea kwa kazi hiyo. Samadi mbichi usiipeleke siku ya kujaza maji, inaongeza asidi zilezile.

Mabua yenyewe pia yanatofautiana. Mpunga uliolishwa naitrojeni vizuri unaacha mabua yenye naitrojeni zaidi na yanaoza upesi, ule ulioshinda na njaa unaacha mabua makavu ya silika yanayokaa kama mikeka. Mbolea ya msimu uliopita inaozesha mabua ya msimu huu, kwa maana hiyo.

Zile chupa za vijidudu vya kuozesha, jaribu kwenye kipande na uache kipande kingine bila. Jaza mfuko wa neti ya plastiki gramu 50 za mabua makavu, fukia sentimita 10, mmoja kila upande, fukua baada ya mwezi, suuza tope, kausha, pima. Tofauti ikiwa haionekani kwenye mizani basi haipo.

Yanayoelea kona moja ni kwa sababu ulivuruga tope maji yakiwa mengi. Punguza maji wakati wa kuvuruga, tope zito linashika mabua. Yaliyokwisha elea yatoe kwa reki kabla upepo haujayalaza juu ya miche.

Dalili: mistari ya njano na kijani inayofuatana shamba zima

Pima upana wa mistari. Ukilingana na njia ya kombaini, umepata jibu: mashine iliacha mabua kwenye tuta moja refu nyuma yake, na hapo penye tuta mkopo ni mkubwa mara kadhaa. Mwanzoni mistari hiyo ni njano, baadaye inageuka kijani kuliko pembeni kwa sababu deni limelipwa. Anayeweka yurea ya ziada kwenye mistari ya njano tu anaonekana mjanja mpaka siku mpunga unalala kwa mistari hiyohiyo. Tawanya mabua kabla ya kulima, shida inaisha.

Dalili: mpunga kijani kibichi mno umeshatoa masuke, unalala, ugonjwa wa mabaka unaingia

Naitrojeni iliyokopwa imerudi wakati hauihitaji tena, na wewe ulikuwa umeshaweka mbolea ya pili kwa mazoea. Shamba lililozoea kurudishiwa mabua miaka kadhaa linahitaji naitrojeni zaidi kidogo mwanzoni na pungufu wakati wa mimba (suke linapojengwa ndani ya shina), sio kiwango kilekile kimegawanywa vilevile. Kabla ya mbolea ya mimba chukua chati ya rangi ya majani, linganisha jani la juu lililofunguka kabisa, ukiwa umelipa jua mgongo, kwenye mashina kumi hivi. Mengi yakiwa kijani ya kutosha ruka hiyo mbolea, au ipunguze. Msimu ule usikimbilie kuyachoma mabua ya mpunga uliolala kisa ni mengi na yamejisokota, ukichoma naitrojeni karibu yote inaondoka na moshi, fosforasi kama robo na potasiamu kama asilimia 20, na msimu ujao utaanza kununua ulichounguza. Kisa pekee ambacho mimi naona kuchoma au kuyatoa kunajitetea ni pale ugonjwa wa kuoza shina umeshika shamba zima, kwa sababu vile vipele vyeusi vya kuvu kwenye bua vinaelea majini na kushika mpunga mpya.